Funga Daftari Kwanza

Binti wa jirani yangu yuko mwaka wa pili wa uuguzi. Jumapili moja jioni nilimkuta barazani kwao, daftari mapajani, kalamu ya kukolezea mkononi, akiisoma ratiba ya chanjo za watoto kwa mara ya sita au ya saba. Ukurasa mzima ulishageuka wa manjano. Hakuna mstari uliobaki mweupe, kwa hiyo hakuna uliokolezwa.

“Shikamoo mjomba. Kesho tuna jaribio, ila hii nimeshaimaliza.”

“Marahaba. Hebu funga daftari. Mtoto wa wiki 14 anapata nini?”

Akaanza kwa kasi: pentavalenti ya tatu, matone ya polio, ya nimonia… Kisha akanyamaza. Akainua macho kwenye kenchi za paa kana kwamba jibu limening'inia huko. “Mjomba, ukurasa nauona kabisa. Ni pale chini, kona ya kulia.” Kona aliiona. Maandishi hakuyaona.

Si kwamba ni mvivu. Alikuwa hapo tangu alasiri. Alichokipata kwa saa zote hizo ni kutambua, akadhani ni kukumbuka. Mtu uliyekutana naye msibani mwaka jana, sura yake unaitambua mara moja. Jina lake ndilo linalokutoa jasho. Kusoma tena na tena hukuza kutambua. Mtihani, au mama aliyekaa mbele yako na kadi ya kliniki mkononi, hutaka ukumbuke.

Kwa hiyo kama una mtihani, au lugha unayojifunza, au sura za Qurani unazotaka kuzihifadhi, au majina ya wateja yanayokuponyoka, anza leo kwa jambo hilo moja: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokijua. Mengine yote nitakayokueleza yanafuata nyuma ya hilo. Lakini kwanza nikupeleke ndani ya kichwa, maana mtu akijua kinachotokea humo huvumilia vizuri zaidi usumbufu wa karatasi tupu.

Ubongo wa mtu mzima unakadiriwa kuwa na seli za fahamu bilioni 86. Seli hizo hazishikani. Kati ya moja na ya pili pana mwanya mwembamba mno, na mahali hapo zinapokaribiana huitwa sinapsi. Seli yenye ujumbe humwaga kemikali kwenye mwanya ule, na seli ya upande wa pili huipokea kwa milango midogo iliyo kwenye ngozi yake. Chukulia ni mtu anayebisha hodi.

Kwenye sinapsi nyingi zinazohusika na kujifunza, milango hiyo ni ya aina mbili. Wa kwanza hufunguka kwa hodi yoyote. Wa pili una chembe ya magnesiamu iliyouziba kama kizibo cha chupa, na hodi peke yake haiutoshi: lazima ibishwe wakati mwenye nyumba ameshaamka, yaani seli inayopokea iwe imeshachangamka. Mambo mawili yakikutana, mgeni mlangoni na mwenyeji macho, kizibo kinatoka na kalsiamu inaingia. Kalsiamu hiyo ndiyo inayotoa amri ndani: ongezeni milango ya ile aina ya kwanza. Baadaye hodi ileile, kwa sauti ileile, inaitikiwa kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo wataalamu wanaposema sinapsi imeimarika.

Wazo lenyewe si geni. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyezichora seli hizi kwa mkono mpaka leo michoro yake inatazamwa kama sanaa, alilidokeza katika mhadhara London mwaka 1894. Donald Hebb wa Kanada alilieleza kwa ufasaha mwaka 1949: seli moja ikishiriki mara kwa mara kuiamsha nyingine, uhusiano wao hukomaa. Ushahidi ulikuja kutoka Oslo. Tim Lømo na Timothy Bliss walichapisha mwaka 1973 matokeo ya kazi yao kwa sungura waliolazwa kwa dawa ya usingizi. Waliupitishia mkondo mmoja wa neva mapigo ya umeme ya harakaharaka kwa sekunde chache, na mwitikio wa seli za mbele ukapanda, ukabaki juu kwa saa nyingi. Sehemu waliyoichunguza, hipokampasi, ndiyo inayobeba kumbukumbu mpya za matukio na maarifa.

Kutoka kwenye kizibo cha magnesiamu mpaka kwenye jaribio la Jumatatu ni safari ndefu, na sitajifanya kwamba kila hatua imeshajulikana. Ila mwelekeo wake unaeleweka. Jicho linaloteleza juu ya mstari wa manjano ni mgeni anayepita barabarani bila hata kugeuka. Anayejikamua kutafuta jibu, huyo amebisha.

Nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, na kila mwanafunzi aliyefeli nilimwambia maneno matatu: nenda karudie kusoma. Nilikuwa nawapa dawa isiyotibu. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu kifupi cha maandishi. Kundi moja lilikisoma vipindi vinne. Jingine lilikisoma kipindi kimoja tu, kisha kwa vipindi vitatu likaandika kila lilichokumbuka bila kukiona tena. Baada ya dakika 5 wasomaji waliongoza, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja meza ilipinduka: waliojikumbusha walibaki na asilimia 61, waliosoma tu asilimia 40. Na waliosoma tu ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba hawatasahau. Huyo alikuwa binti wa jirani, kalamu ya manjano mkononi.

Namna ya kufanya ni hii. Soma sehemu fupi, kurasa mbili au tatu, kwa kuelewa. Funga. Andika kwenye karatasi tupu kila unachokumbuka, hata kwa maneno ovyo, hata kwa mchoro. Ukikwama usikimbilie kufungua. Kaa na kule kukwama kwa nusu dakika, dakika hivi. Tafuta kwa mlango mwingine: kilikuwa kinahusu nini, kilikuja baada ya kipi, kinafanana na nini. Hali ile ya jibu kuwa kwenye ncha ya ulimi inaudhi, lakini ndiyo kazi yenyewe. Baada ya hapo fungua, na urekebishe kwa kalamu ya rangi nyingine palepale, si kesho.

Kurekebisha palepale nakusisitizia, kwa sababu sinapsi haina kadhi wala hakimu ndani yake. Kinachorudiwa huimarika, kiwe kweli kiwe uongo. Ndiyo maana wimbo ulioukosea maneno ukiwa mtoto unaukosea mpaka leo, na dereva aliyejifundisha gia vibaya huteseka kuliko asiyewahi kugusa usukani.

Huna karatasi? Mfundishe mtu. Mdogo wako, mama anayechambua mchele, yeyote mwenye uvumilivu. Asipokuwepo mtu, jieleze mwenyewe kwa sauti ukiwa unaosha vyombo. Kwenye daladala, badala ya kuperuzi simu, jiulize maswali matatu ya jana, na kituo kinapofika fungua daftari uhakikishe. Karatasi za mitihani iliyopita ni dhahabu, kwa sharti moja: usizisome pamoja na majibu yake. Anayesoma swali na jibu kwa pamoja anajidanganya kwa raha zake.

Sasa kuhusu lini. Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu, maana tumezoea kusoma kwa zimamoto: moto ukishawaka ndipo maji yanatafutwa.

Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alitumia miaka mingi akimchunguza konokono mkubwa wa baharini aitwaye Aplysia, mnyama mwenye seli za fahamu 20,000 hivi, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Akishtuliwa kwa umeme mara moja, huwa mwoga kwa dakika chache, kisha husahau. Akishtuliwa mara nne au tano kwa kuachanishwa, hukumbuka kwa siku kadhaa. Ndani ya seli mambo haya mawili si kitu kimoja kilichorefushwa. Kumbukumbu fupi hutumia protini zilizokuwepo tayari; ni kama kusogeza viti ukumbini. Kumbukumbu ndefu huamsha jeni, hutengeneza protini mpya, na hatimaye huotesha maungio mapya: katika konokono waliofundishwa kwa muda mrefu, idadi ya vituo ambapo seli za hisia huungana na nyingine ilipanda karibu mara mbili. Dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini ikiwekwa, kumbukumbu fupi hubaki na ndefu haizaliwi.

Huo ni ujenzi, na ujenzi una muda wake. Fundi anayemwaga zege hapandishi tofali saa hiyohiyo. Huliacha likaze, hulimwagia maji, hurudi.

Nilipomweleza binti hayo alicheka, maana jibu lilikuwa kwenye daftari lake mwenyewe. Pentavalenti hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mbona hawampi mtoto zote tatu siku moja, mama akaokoa nauli? Kinga ya mwili ina namna yake ya kukumbuka, tofauti na ya ubongo, na hizi mbili zisichanganywe. Ila zote mbili hazikubali kulipwa kwa mkupuo.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo mwaka 1885. Baada ya siku moja, nafuu aliyoipata katika kujifunza upya orodha ileile ilishashuka mpaka theluthi moja hivi. Baada ya mwezi, moja ya tano. Tazama umbo la mporomoko huo: sehemu kubwa inaanguka siku ya kwanza, kisha kasi inapungua. Kwa hiyo marejeo ya kwanza yasipite kesho. Ya pili baada ya siku tatu, ya tatu baada ya wiki, ya nne baada ya wiki mbili au tatu. Tarehe hizi si za msahafu. Kilicho muhimu ni kurudi wakati umeanza kusahau lakini hujasahau kabisa; ukirudi mapema mno, hodi haina kazi.

Chombo cha kusimamia hayo ni boksi la viatu. Mwandishi wa Ujerumani Sebastian Leitner aliutangaza mtindo huu katika miaka ya 1970, na mimi sijaona programu ya simu inayoushinda kwa mtu asiye na bando. Kata kadi ndogo kwa maboksi ya unga au ya sabuni. Swali mbele, jibu nyuma, jambo moja kwa kadi. Gawanya boksi vyumba vinne. Kadi mpya hukaa cha kwanza, unachokipitia kila siku. Ukijibu sawa kadi inahamia cha pili, kinachofunguliwa kila baada ya siku tatu. Kisha cha tatu, kila wiki. Kisha cha nne, kila baada ya wiki tatu. Ukikosea, hata kama kadi ilishafika cha nne, inarudi mwanzo. Usiionee huruma.

Waliopitia madrasa ya kuhifadhisha Qurani watasema hili si jipya, na wana haki. Kule mwanafunzi husimama mbele ya mwalimu, msahafu umefungwa, asikilizwe alichohifadhi kabla ya kupewa aya mpya. Na ya zamani ina zamu zake za kurejewa, ndiyo muraja. Hafidhi aliyeacha muraja kwa mwaka mmoja atakwambia mwenyewe kilichompata. Shule zetu zilichukua ubao na fimbo, zikaiacha muraja mlangoni.

Usingizi uhesabu kama kipindi cha masomo. Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton walirekodi seli za hipokampasi za panya waliokuwa wametembea mahali fulani. Seli zilizofanya kazi pamoja wakati wa matembezi ziliendelea kufanya kazi pamoja panya walipolala. Ubongo ulikuwa unarudia somo wenyewe, bila kulipwa. Anayekesha hadi saa kumi alfajiri amejinyima zamu hiyo, na kesho yake anaingia chumba cha mtihani macho yakiwa na mchanga. Nitakuwa mkweli: zimamoto linaweza kukuvusha kwenye jaribio la asubuhi. Halitakuvusha kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, wala kazini. Kama huna budi, pitia kadi ngumu nusu saa kabla ya kulala, lala, na uzipitie tena ukiamka.

Si kila kumbukumbu hukaa mahali pamoja, na hili lina faida yake kwako. Mwaka 1953 Mmarekani aliyejulikana kwa herufi H.M., ambaye baada ya kifo chake mwaka 2008 jina lake kamili, Henry Molaison, lilitangazwa, alifanyiwa upasuaji wa kifafa na kuondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili. Tangu hapo hakuweza kushika tukio jipya. Mtu akitoka chumbani na kurudi, ni mgeni. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa kazi ya kufuatisha mchoro wa nyota akitazama kioo, mkono wake uliendelea kuwa hodari siku hadi siku, ingawa kila siku aliapa hajawahi kuiona kazi ile. Ujuzi wa mkono una nyumba yake. Ndiyo maana kumwambia binti asome mara kumi hatua za kuchoma sindano ni kupoteza wakati baada ya mara ya pili; anachohitaji ni bomba la sindano, chungwa, na mwalimu wa kumsahihisha pembe ya mkono.

Wasomaji wenye mvi huniuliza kama wamechelewa. Madereva wa teksi nyeusi wa London hujifunza mitaa ipatayo 25,000, kwa miaka mitatu au minne, wengi wao wakiwa watu wazima wenye familia. Katherine Woollett na Eleanor Maguire waliwafuatilia wanafunzi 79 wa kazi hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waliofaulu walikuwa 39, na sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa imekua; waliofeli hawakuonyesha ukuaji huo. Ubongo wa mtu mzima haujakauka. Hujifunza polepole kuliko wa kijana, na unataka kupewa sababu.

Mwendo wa miguu nao husaidia. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliotolewa mwaka 2011, wazee waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa mwaka mzima, hipokampasi zao ziliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Vidonge vya “kuongeza akili” vinavyouzwa kwenye meza za stendi siwezi kukushauri ununue. Hela hiyo nunua mayai, na kama mwanao ni mchovu na mweupe viganja, mpeleke akapimwe damu. Upungufu wa madini ya chuma humwibia mtoto masomo kimyakimya.

Na simu iwe chumba kingine. Juu ya meza, hata ikigeuzwa kifudifudi, ni mgeni mwingine anayebisha hodi kwa fujo wakati wewe unamsikiliza huyu.

Wiki tatu baadaye binti alinikuta barazani kwangu, boksi la viatu kwapani. Kadi nyingi zilishafika chumba cha tatu. Moja tu ilikuwa bado inamrudisha mwanzo, ile ya wiki 14, mpaka alipoitafutia ndoana: wiki hiyo, kwa ratiba ya daftari lake, mtoto hukutana na polio mara mbili, mdomoni kwa matone na pajani kwa sindano. Akaisema mara mbili bila kutazama, akaipandisha chumba cha pili.

“Haya mjomba, zamu yako. Miezi tisa?”

“Surua.”

“Na?”

Nikainua macho kwenye kenchi.

“Usiniambie,” nikamwambia. “Ngoja kwanza.”